Miezi Inayoanza na Sifuri

Kura zilipigwa Jumatatu asubuhi, na kufikia adhuhuri matokeo yalikuwa yamemfikia kila mtu: thelathini na mmoja wamesema ndiyo, wanne wamesema hapana, na mmoja kasema atajibu akipata mtandao. Kuanzia siku hiyo, wote waliokuwa wakiandika programu kwa lugha ile moja ya kompyuta na kuziweka katika ghala lao la pamoja, wangeandika kwa mtindo mmoja. Mwongozo wenyewe ulikuwa na kurasa kumi na moja. Mstari usizidi herufi mia. Kila kitu kipewe jina zima, si kipande cha jina. Miezi ihesabiwe kuanzia moja. Maelezo yasiyo ya kweli yafutwe. Na mengine mengi ya namna hiyo.

Aliyeziandika kurasa hizo kumi na moja alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu ambaye wenzake walimwita Rula. Alikuwa amezipigania kwa miaka sita. Ungedhani siku hiyo angeinunulia ofisi nzima soda. Alisoma matokeo, akafunga ukurasa, akaenda kuchemsha maji ya chai, akasahau kuyamimina.

Jina la Rula alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, alipoweka rula ya plastiki juu ya kioo cha kompyuta apime kama mistari ya mwenzake imeanzia mahali pamoja. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Rula ile ilikuja kuvunjika, jina likabaki. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, na mwenye duka alikuwa na tabia ya kuegesha mzigo wake kwenye ngazi, kwa hiyo kila asubuhi waandishi wa programu walipanda kazini kwa ubavu, kama kaa. Juu kulikuwa na meza sita na feni moja yenye mwendo wa aina mbili: polepole, na mbovu.

Hapa pana jambo ambalo mtu asiye wa kazi hii hulishangaa. Kompyuta yenyewe haijali. Andika mistari yako imepangika kama meno ya kitana, au iwe imetupwa ovyo kama nguo zilizoanuliwa mbio mvua ikija, yenyewe itasoma na kufanya ilichoambiwa. Anayejali ni mtu atakayekuja baada yako. Mtu huyo humjui sura, hujui siku hiyo ataamka vipi, na yeye hana lolote analojua juu yako isipokuwa ulichoandika. Kama wewe unahesabu hivi na yeye anahesabu vile, hamtagombana hata siku moja. Mtapishana tu kimyakimya, na atakayeumia ni mtu wa tatu.

Ndivyo ilivyotokea kwa faili la tarehe.

Faili hilo liliandikwa na kaka yake Rula, aliyemzidi miaka saba na ndiye aliyemfundisha kazi. Lilikuwa chombo cha kupigia hesabu za tarehe: ukilipatia siku ya leo na idadi ya wiki, linakupa siku ile nyingine. Mtu yeyote kwenye jamii yao aliyehitaji tarehe alilichota ghalani akalitumia. Kaka alikuwa fundi kwelikweli, lakini aliandika kwa mtindo wake mwenyewe. Kwanza, hakupenda irabu. Tarehe aliiita trh, mwezi akauita mwz, na wenzake wakamwita Bwana Konsonanti. Pili, alihesabu miezi kuanzia sifuri: Januari sifuri, Februari moja, mpaka Desemba, kumi na moja. Ukimuuliza alisema sifuri ndiyo namba ya kwanza, ninyi wengine mmechelewa kufika.

Miezi minane iliyopita aliinama mlangoni kwake kufunga kamba za viatu, na hakuinuka.

Kwenye msiba Rula alihesabu viti, akapokea wageni, akapanga vikombe kwa ukubwa. Watu walinong'ona kwamba ana moyo mgumu. Haukuwa ugumu. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unauona, lakini ukiufinya hausemi kitu. Baada ya siku nne alirudi kazini, akakaa mezani, akaendelea pale alipokuwa ameachia.

Halafu mwandishi mmoja wa mbali, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona, akalichota faili la tarehe ili atengeneze programu ya kliniki za watoto, ile inayotuma ujumbe kwenye simu ya mama kumkumbusha siku ya sindano. Yeye alihesabu miezi kama watu wengi wanavyohesabu. Machi akaiandika tatu. Faili la Kaka likaipokea tatu, likaielewa kuwa Aprili. Hakuna kilicholalamika, hakuna taa nyekundu iliyowaka. Kwenye kliniki moja watoto mia mbili na kumi na wanne waliitwa mwezi mzima baada ya siku yao. Wawili walishikwa na surua. Walipona.

Hicho ndicho kilichowafanya watu thelathini na mmoja waseme ndiyo. Na kazi ya kulinyoosha faili la tarehe akapewa Rula, kwa sababu mwongozo ni wake na marehemu ni wake. Mwisho Ijumaa. Jumamosi kliniki ingetakiwa kutuma ujumbe wa mwezi unaofuata.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Walikuwa na kipangaji, programu inayopita ndani ya faili na kupanga kila mstari kufuata mwongozo. Unaipa orodha ya majina ya kubadilisha, unabonyeza, imekwisha. Kilichobaki cha mkono ni miezi tu. Lakini ghala lao lina kumbukumbu. Pembeni ya kila mstari wa kila faili kuna jina la mtu wa mwisho kuugusa, kwa herufi ndogo za kijivu. Faili la tarehe lilikuwa na mistari elfu mbili mia tatu na sita, na karibu yote, ukishuka nayo kutoka juu hadi chini, pembeni kulikuwa na jina la Kaka. Jina lake, jina lake, jina lake. Kipangaji kingegusa karibu kila mstari. Na anayekibonyeza ndiye anayehesabiwa kuwa amegusa. Kumbukumbu ya zamani ingebaki chini, kama rangi ya ukuta iliyopakwa juu yake rangi nyingine, lakini ni nani atakayekwangua?

Jumanne Rula alifungua ukurasa wa tisa wa mwongozo wake mwenyewe. Huko aliwahi kuweka ruhusa moja: faili likiwa na majedwali marefu ya namba, liandikwe juu yake neno *usiguse*, na kipangaji kitalipita bila kuligusa. Faili la tarehe halikuwa na jedwali lolote. Aliandika *usiguse* kwenye mstari wa kwanza, akahifadhi, akanyoosha vidole.

Haikupita nusu saa. Kijana wa meza ya pili, mtu wa miaka ishirini na minane mwenye mke na watoto mapacha, ambaye hakuna aliyemjua kwa jina lingine zaidi ya Chaja kwa jinsi alivyozoea kuazima za wenzake, alizungusha kiti.

"Dada, umeweka *usiguse* kwenye faili la tarehe."

"Nimeweka."

"Hili hili lililotuletea balaa."

"Miezi nitairekebisha kwa mkono. Hayo mengine hayana madhara."

Chaja alikuna shingo. "Mwaka jana ulinirudishia kazi mara nne. Ile ya nne ilikuwa nafasi moja imezidi. Moja, dada. Nilimwambia mke wangu leo nimekataliwa kwa sababu ya hewa."

Kwenye meza ya dirishani mtu alicheka, akajifanya anakohoa.

"Ulikuwa umekosea," Rula alisema.

"Nilikosea, sikatai. Na leo naandika vizuri, hilo pia sikatai. Nauliza tu. Mwongozo ni wetu sote, au ni wetu sisi tusio na ndugu humo ndani?"

Feni ilizunguka. Chaja aliona amevuka mpaka.

"Samahani, dada."

"Usiombe samahani. Niangalizie maji kama yamechemka."

"Yalichemka jana."

Jumatano nzima Rula alifanya kazi ndani ya faili. Mstari baada ya mstari alitafuta mahali mwezi ulipopita, akaongeza moja palipohitaji moja. Kulikuwa na mwz, na mbele kidogo kulikuwa na mwz2. Alipiga jaribio la haraka kwa tarehe mbili tatu, zikatoka vizuri. Mchana alikula alichowekewa na hakuweza kusema baadaye kilikuwa nini. Jioni alituma kazi yake kwa Chaja aikague, maana kwao hakuna anayejipitishia kazi mwenyewe, awe mkubwa awe mdogo. Hilo nalo lilikuwa kwenye mwongozo, ukurasa wa kwanza.

Alhamisi asubuhi Chaja alikuja na kiti chake kabisa, akikisukuma kwa miguu.

"Dada, Februari umeipeleka wapi?"

"Februari gani?"

"Tazama. Huyu mtoto wa tarehe tano Januari, mwite baada ya wiki nne. Inatakiwa ije tarehe mbili Februari. Inakuja Machi." Aliweka kidole kwenye kioo. "Umeongeza moja kwenye mwz, sawa. Halafu ukaongeza na kwenye mwz2. Lakini naona mwz2 alikuwa ameshaiongezea yeye mwenyewe, huku juu, mstari wa mia tatu na kitu. Au siyo? Hata mimi sina hakika. Nimelitazama mpaka macho yananiwasha."

Rula aliinamia kioo. Mwz. Mwz2. Mistari ilikuwa imejipanga kwa namna ile ya Kaka, alama za sawasawa zote zimesimama chini ya nyingine kama watu kwenye foleni, na kwa mbali ilipendeza. Lakini haikusema kitu.

"Mimi ninamjua," alisema.

"Nani?"

"Aliyeandika."

"Hilo halina ubishi, dada. Ila hapa hayupo. Hapa pana mwz na mwz2."

Rula alifumba macho, ajaribu kumsikia akieleza. Kaka alikuwa na namna yake ya kueleza: alikuwa akigonga meza kwa kidole cha shahada kila namba ilipobadilika. Alisubiri kidole kigonge. Hakikugonga. Na hapo ndipo alipoona jambo ambalo kwa miaka kumi na tano hakuwa ameliona, kwamba faili lile hakuwahi kulisoma. Kila alipokwama aligeuza kiti tu, akamuuliza mwenyewe, na mwenyewe akajibu. Alikuwa akimsoma mtu. Faili lilikuwa limefungwa siku zote.

Mchana simu yake iliita. Alikuwa muuguzi wa kliniki ile, ndiye aliyegundua kosa tangu mwanzo, mama mwenye sauti ya mtu anayezungumza huku akifanya kitu kingine.

"Dada, nataka neno moja tu. Jumamosi nitumie mashine au nitumie daftari?"

"Daftari linakusumbua?"

"Daftari halina shida. Mwenye shida ni mimi. Nina watoto mia mbili na kumi na wanne na vidole kumi."

"Kesho jioni nitakuambia."

"Jioni ya saa ngapi? Maana ninyi watu wa kompyuta jioni yenu hatujui inaishia wapi."

"Saa kumi na moja."

"Haya. Wewe mwanangu, kaza mguu," muuguzi alisema, lakini hiyo ilikuwa kwa mtoto mwingine, aliyekuwa mbele yake.

Rula alitoka kazini mapema, akapitia kwa wifi yake. Marehemu alikuwa na mzaha mmoja aliourudia kila mgeni alipofika: nyumba hii haina mtandao lakini ina wifi wawili. Sasa hakuna aliyeusema. Mjane alikuwa sebuleni anakunja nguo za watoto. Alimsogezea Rula rundo la soksi bila kuuliza, Rula akaanza kuzitafutia wenzi.

"Viatu vyake viko wapi?" Rula aliuliza. Pale mlangoni palikuwa na zulia tu.

"Nilivitoa."

"Lini?"

"Una miezi mitatu unapita hapo hapo." Wifi alikung'uta sketi ya shule. "Wifi yangu, wewe huoni kitu tangu siku ile. Nakupa chai unakunywa, nakupa maji unakunywa. Siku moja nitakupa sabuni nione."

Rula aliunganisha soksi mbili za kijani.

"Kuna lile faili lake," alisema. "La tarehe. Nikilinyoosha, jina lake litatoka."

"Litatoka wapi?"

"Pembeni ya mistari."

"Na litakaa la nani?"

"La kwangu."

Wifi alifikiri, au labda alikuwa anatafuta pindo. "Na hao watoto wa kliniki watapata sindano kwa siku yao?"

"Watapata."

"Usiponyoosha?"

"Sijui. Nimejaribu bila kulinyoosha, nimekosea. Mimi."

"Basi," wifi alisema. Halafu, baada ya kukunja nguo mbili zaidi: "Hizo soksi siyo wenzi. Moja ni ndefu, moja ni fupi."

Ijumaa saa tatu asubuhi Rula alifuta kazi yote ya Jumatano. Akafuta neno *usiguse*. Akakipa kipangaji orodha: trh iwe tarehe, mwz iwe mwezi kuanzia sifuri, mwz2 iwe mwezi kuanzia moja, na mengine arobaini na sita, kila moja akilifuatilia kwanza mpaka lilipotokea. Hiyo peke yake ilimlia saa mbili na nusu. Kisha akabonyeza.

Ilichukua sekunde nne. Kwenye kioo mistari iliruka, ikatulia. Pembeni, herufi zile ndogo za kijivu zilibadilika karibu zote kwa pamoja, kutoka juu hadi chini, zikawa jina lake yeye. Alingoja aone kama kuna kitu kitamshika kifuani. Chini kwenye ngazi watu walikuwa wanabishana namna ya kukunja godoro.

Akaanza kusoma. Alisoma kutoka mstari wa kwanza, na kwa mara ya kwanza faili lilisomeka kama habari ambayo mtu anakusimulia bila haraka. Hapa anapokea siku. Hapa anaangalia kama mwaka ni mrefu. Mahali kwenye mia tatu na kitu Kaka alikuwa ameongeza moja, kama Chaja alivyohisi. Na mahali pengine, mbali kabisa, kwenye elfu moja na mia nne, Kaka alikuwa ameandika upya hesabu ile ile ya mwanzo, hatua kwa hatua, chini ya majina mengine mafupi. Rula alizisoma zote mbili mara tatu. Zilikuwa kitu kimoja. Kaka hakuwa ameitambua kazi yake mwenyewe. Alikuwa amerudi baada ya mwaka mmoja au miwili, akatazama zile konsonanti zake, akashindwa kuzisoma, akaona heri aanze upya.

Rula alifuta ile ya pili. Akashuka na miezi yote, kila mahali ikaanza na moja, na sasa ilionekana waziwazi ni wapi pa kuongeza. Kazi ambayo Jumatano ilimshinda siku nzima, ilichukua dakika hamsini. Akapiga majaribio kwa kila siku ya miaka kumi. Februari ilikuwa mahali pake. Saa tisa na nusu akatuma kwa Chaja.

Chaja alikagua polepole. Hakugeuza kiti safari hii. Aliandika, na maandishi yake yakatokea kwenye kioo cha Rula, mita mbili kutoka alipokuwa amekaa:

*Dada, yote safi. Umesahau mstari wa 812. Umezidi herufi mia. Halafu si kweli tena. Uamue wewe.*

Mstari wa mia nane na kumi na mbili ulikuwa wa maelezo, yale ambayo mwandishi humwachia mwandishi mwingine na kompyuta huyaruka. Kipangaji hakigusi maelezo. Kinayaacha kwa binadamu. Na Rula, akisoma hesabu, alikuwa ameyaruka kama kompyuta. Aliurudia mstari huo. Kaka alikuwa ameandika, irabu zote zikiwa mahali pake:

*hapa miezi inaanza na sifuri, usiniulize kwa nini, nilikuwa nimeamka vizuri siku hiyo na sitaki ubishi na mtu yeyote, hasa yule mdogo wangu na rula yake*

Alisoma mara moja. Akanyanyua simu, akampigia wifi yake.

"Sikiliza," alisema, akausoma mstari wote kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma anwani.

Upande wa pili wifi akaanza kucheka, cheko la chini lililokatikakatika. "Ndiye huyo huyo. Bomba la jikoni aliliweka kinyume, likawa linafunguliwa kwa kufunga. Akaniambia vivyo hivyo. Usiniulize." Alipenga kamasi. "Unalifanya nini neno hilo?"

"Nalifuta. Si kweli tena. Miezi inaanza na moja."

"Anayelisoma atadanganyika?"

"Atadanganyika."

"Basi lifute, wifi. Niko hapa."

Rula aliweka simu mezani bila kukata. Aliipeleka alama ya kuandikia mwisho wa mstari na kushikilia kitufe cha kufutia. Herufi zilianza kuliwa kutoka nyuma: rula ilikwenda kwanza, kisha mdogo wake, kisha ubishi, kisha siku ile aliyoamka vizuri. Sifuri ikaenda. *Hapa* likabaki peke yake, halafu nalo likaisha. Kidole chake kilibaki juu ya kitufe muda kidogo, hakuna kilichobaki cha kufuta. Akatuma tena.

Saa kumi na nusu Chaja aliandika: *Imepita.* Alinyanyuka, akapita nyuma ya kiti cha Rula, akaenda kuchemsha maji.

Saa kumi na moja kasoro dakika mbili, Rula alimpigia muuguzi. Nyuma yake watoto wawili walikuwa wanalia kwa zamu.

"Mashine," Rula alisema.

"Una hakika?"

"Nimeisoma."

"Yote?"

"Mstari kwa mstari."

"Haya," muuguzi alisema, akakata simu, maana foleni yake ilikuwa ingali ndefu.